Kigae cha Tumbe: Ilhamu ya Mapambo ya Mikono Hutoka Wapi

Kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika ardhi ya Tumbe ambako leo watu hulima muhogo na kushuka pwani kununua samaki, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua, katika mabaki ya mji uliostawi baina ya karne ya 7 na karne ya 10, vigae vya vyungu vingi ajabu, ambavyo kwa mtazamo wa haraka vingedhaniwa takataka za jikoni, illa vilikuwa na mfereji mwembamba usoni, mmoja au miwili au zaidi, uliosuguliwa muda mrefu hata ukawa laini kwa kuugusa. Vigae hivyo vilikuwa vinoo vya shanga. Mtu wa Tumbe aliokota kombe la bahari, akalivunja vipande vidogo, akavitoboa, kisha akavisugua huku na huku ndani ya mfereji wa kigae mpaka ncha zikaisha na kila kipande kikawa duara la kuvaliwa. Chungu kilichovunjika kikawa chombo cha kazi, na kombe lililoachwa na maji kupwa likawa pambo la shingo. Na vyote viwili vilikuwa vimelala pale pale karibu na mlango kabla ya mtu mmoja kuinama na kuvitazama.

Nimeanza na kigae hiki kwa sababu wanawake wafanyao kazi za mikono, watungao shanga, wasukao ukili, watarizio vitambaa na washonao kofia, huniuliza mara kwa mara swali moja: fikira ya kitu kipya hutoka wapi? Neno ilhamu lilitujia kutoka Kiarabu likiwa limebeba maana ya jambo ambalo Mola hulitia moyoni mwa mja wake, na kwa hiyo wengi hulingoja kama wangojavyo mvua ya vuli, wamekaa barazani wameshika tama. Simkanushi asemaye kuwa kipaji ni karama. Lakini katika miaka yote niliyokaa na mafundi wa kike, tangu nilipokuwa nikimshikia bibi yangu mzaa mama upande wa pili wa uzi, sijapata kumwona hata mmoja aliyejiwa na fikira njema hali mikono yake i mitupu. Lugha yetu yenyewe ilijua hilo zamani, maana imetumia neno moja, kutunga, kwa mwenye shanga na kwa mwenye shairi: wote wawili hushika kitu kidogo baada ya kitu kidogo, wakaviweka katika uzi mmoja kwa mizani, na uzuri wa mwisho haukuwapo popote kabla hawajaanza.

Mwaka uliopita alinijia msichana mmoja, ameshika simu yenye picha ya mkufu uliofanywa na fundi wa nchi ya mbali, mkufu mzuri wa mawe ya kijani na waya wa dhahabu, akaniambia, “Shangazi, nataka nifanye kama huu niuze.” Alikwisha kununua shanga za plastiki zilizokaribia rangi ile, na waya usiokuwa dhahabu, na amehangaika siku tatu, alichopata kilikuwa kivuli cha kivuli, na yeye mwenyewe alikijua hivyo, kwani machozi yalimlengalenga. Nilimwuliza, “Mwanangu, nyumbani kwenu mna pambo gani la kale?” Akanijibu kuwa hamna kitu. Nikamwomba akamwulize bibi yake kwanza, na kesho yake akarudi na kijaluba.

Ndani ya kijaluba kile mlikuwa na kikuku kimoja cha fedha kilichopotewa na mwenziwe, majasi mawili ya masikioni, kipini cha pua, na banagiri iliyovunjika bawaba, rangi yake imefifia kwa kukaa gizani. Msichana hakujua jina la hata kimoja. Nami nilisikitika, kwa sababu wazee wetu walikuwa na jina kwa kila pambo na kila mahali pa mwili: furungu la mguuni, timbi na kekee za mkononi, kidani cha kifuani, jebu la chini ya kidevu, kishaufu cha puani, utunda wa kiunoni ambao hauonekani ila na mwenye haki ya kuuona. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, hakuona taabu kutaja hina, manukato na vikuku katika wasia ule ule uliotaja dini na adabu. Na Salme binti Said, bintiye Sultani aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kufia ugenini Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alipochapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1886 aliyaeleza mavazi na mapambo ya wanawake wa Unguja kwa kirefu, kama mtu anayehofu kuwa yasipoandikwa yatasahauliwa. Mapambo, kwa wanawake hao wawili, yalikuwa sehemu ya ilimu.

Tuliiweka ile banagiri juu ya karatasi nyeupe, tukachukua kioo cha kukuzia, tukakaa kimya. Hapo ndipo nilipotaka kumfikisha msichana wangu: kukaa kimya mbele ya kitu kimoja muda unaotosha. Baada ya kitambo akasema kuwa pambo lote lile, ambalo mwanzo lilimtia hofu kwa wingi wa nakshi zake, limefanywa kwa vitu vitatu tu: waya uliosokotwa kama kamba, chembe ndogo za fedha zilizopangwa kama punje za mtama, na ncha zilizochongoka kwa safu. Vitu vitatu, vikirudiwa na kupishana. Nikamwambia avichore mbalimbali, kila kimoja katika ukurasa wake, bila kuichora banagiri nzima. Maana anayechora pambo zima huishia kulifuata, na anayechora viungo vyake hupata herufi za kuandikia maneno yake mwenyewe.

Fedha ya mapambo kama hayo nayo ina habari ya kumtia mtu fikira. Aghalabu ilitoka katika sarafu, hasa ile riale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyopigwa kwa tarehe ya 1780, mwaka aliofariki, na ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile miaka na miaka baada yake, kwa kuwa wafanya biashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu hawakuitaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na zaidi ya sehemu 8 katika 10 ni fedha safi. Ilipita mikononi mwa wauza karafuu na wauza tende, kisha ikaanguka katika kalibu ya mfua fedha, sura ya malkia ikayeyuka, na ikatoka kikuku cha bibi harusi. Ama pengine iliachwa nzima, ikatiwa kitanzi na kuning'inizwa kifuani, na hayo mafundi wa Omani waliyafanya kwa ustadi mkubwa. Sarafu ya soko ikawa pambo, kama kigae cha chungu kilivyokuwa kinoo.

Kutoka fedha nilimpeleka kwenye ukindu, kwa sababu fedha ni ghali na ukindu uko karibu, na kwa sababu hapana mwalimu wa nakshi aliye mkali na mkarimu kama ukili. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijafunguka, likachanwa nyuzi kwa ukucha au sindano, likachemshwa na rangi na kuanikwa. Zamani mizizi ya mdaa ilitoa weusi na bizari ya manjano ikatoa rangi ya jina lake, na siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani. Kisha msukaji huanza na nyuzi chache kidoleni, na ukili hukua pima kwa pima, ukizungushwa kama kamba ya jahazi, mpaka utoshe kushonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka, au msala, au kikapu, au kawa la kufunikia chakula. Anayetazama kwa mbali huona mikono inayokwenda yenyewe huku kinywa kinazungumza habari za jirani. Lakini kichwani mna hesabu isiyosimama. Unyuzi hupita juu ya mbili na chini ya mbili, na hesabu ikibadilishwa kwa unyuzi mmoja tu mshazari hugeuka upande, na ikirudishwa baada ya hatua fulani hutokea jicho, au pembe, au mawimbi. Rangi nazo hutii hesabu: weusi ukiingizwa katika nyuzi za upande mmoja hutoa mistari, na ukiingizwa pande zote mbili hutoa miraba.

Ndiyo maana wasukaji hawaulizani fikira hutoka wapi. Ukindu una urefu wake, nyuzi zina idadi yake, kidole kina upana wake, na ndani ya mipaka hiyo mtu hujaribu kila kinachowezekana, kisha akajaribu kinachodhaniwa hakiwezekani. Nimewahi kukaa na mama mmoja mtu mzima aliyegundua kuwa amekosa hesabu shibiri tatu nyuma. Alinyamaza, akalitazama kosa, akalirudia kwa makusudi shibiri tatu mbele, na lingine tena mbele yake, hata kosa likawa nakshi, na mkeka ule ulipomalizika watu walimwuliza ameupata wapi mtindo huo. Simwambii mwanafunzi aache makosa yake bila ya kuyafumua. Kazi iliyolegea hufumuliwa, na mwenye uvivu wa kufumua hawi fundi. Lakini kuna kosa la mkono na kuna kosa linalofungua mlango, na mtu hawezi kuyatofautisha asipoyatazama yote mawili kwa subira.

Msichana wangu alisuka ukili mwembamba wa upana wa kidole, akaukunja duara, akashona ukingoni mwake shanga ndogo nyeupe zilizopangwa kama zile punje za fedha za banagiri. Ilikuwa herini ya kwanza iliyokuwa yake.

Halafu kanga. Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa naamini kabatini mwa mama yeyote wa pwani, na siku hizi wa bara pia, mna maktaba nzima ya nakshi ambayo binti yake huipita kila siku akienda kutafuta picha katika simu. Kanga ilianza mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walipokuwa wakinunua leso, neno lililotoka kwa Wareno, wakazishona sita pamoja, tatu kwa mbili, kupata nguo moja ya kujifunga. Wafanya biashara wakaona, wakaagiza kitambaa kilichopigwa chapa kikiwa kizima. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe, watu wakazifananisha na manyoya ya ndege kanga, jina likabaki. Hivyo hata nguo hii adhimu ilizaliwa kwa mkono wa mwanamke aliyekuwa na sindano na vitambaa vya kufutia jasho, wala hakungoja kuletewa na yeyote. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zenye maandishi ya Mali ya Abdulla zingali zikitafutwa. Na kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kanga zikapigwa chapa nyumbani.

Itandaze kanga moja sakafuni uitazame kama mtu aliyeagizwa kuisoma. Ina pindo linaloizunguka pande nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Pindo limejaa na limebanana. Mji una nafasi, aghalabu umewekewa kitu kimoja kikubwa, korosho au ua au nanasi, ili jicho lipate pa kupumzika. Na jina limekaa chini ya katikati, mahali ambapo nguo ikifungwa husomwa na aliye nyuma. Mpangilio huo mmoja umebeba maelfu ya kanga bila ya kuchosha. Mtunga shanga anayeuelewa ataacha kujaza mkufu wake shanga kubwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, atajua kuwa pembezoni panaweza kubanana ikiwa katikati pana upweke wa kitu kimoja cha maana, na atajua kuwa pambo nalo lina upande wa mbele na wa nyuma, na kwamba mtu huonekana mgongoni pia akiondoka.

Chukua na kisutu, kanga ya bibi harusi, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe peke yake. Nimewaona wanafunzi wengi wakianza na rangi kumi na mbili katika sinia moja, kwa kuwa duka linazo na bei ni rahisi, na kazi yao ikapiga kelele. Huwapa kipande cha kisutu na kuwaambia watunge kwa rangi tatu mwezi mzima. Wiki ya kwanza hulalamika. Wiki ya pili huanza kuona kuwa nyekundu iliyo pembeni ya nyeusi si nyekundu iliyo pembeni ya nyeupe. Wiki ya tatu huacha kuuliza lini watarudishiwa rangi nyingine. Njia nyingine iliyonifaa ni kukata katika karatasi nene tundu la ukubwa wa kibiriti, na kulitembeza juu ya pindo polepole. Nakshi iliyokuwa kanga haiwi kanga tena. Huwa mstari uliopinda, na doa, na doa, na ncha ya jani, na mara huona bizimu kamili imekaa ndani ya tundu ikingoja kushonwa.

Siwezi kuacha kutaja kikuba. Hiki ni kifundo cha maua ambacho mwanamke hukibandika kifuani au nyweleni jioni, asumini zilizochumwa zikiwa bado zimefumba, jani la mrihani, petali za waridi, na kilua kwa aliyejaliwa kukipata. Usiku huwa vimefunguka na harufu imetanda nyumba nzima, na asubuhi vimesinyaa. Hakuna johari hapa wala fedha, na kazi ya saa nzima huishi usiku mmoja. Walakini fundi wa kikuba hapunguzi uangalifu wake hata kidogo. Huchagua asumini za umbo moja, huweka kijani mahali ambapo weupe utahitaji kuegemea, hupima uzito ili kifundo kisiuvute uzi wa nguo. Na mimi niliyejifunza kutunga shanga za kioo nikiwa mtu mzima, kiasi nilikipata utotoni katika asumini. Kijana anayeanza na asiye na mtaji wa shanga atafute ua na uzi na sindano. Akikosea usiku huu, kesho jioni mti utampa tena.

Bahari nayo ni mwalimu, ila inataka adabu. Katika Ghuba ya Menai, kusini-magharibi ya Unguja, wanawake wa Fumba na Bweleo wamejifunza tangu mwanzo wa karne hii kufuga chaza, kung'arisha makombe yake yakawa herini na vidani, na hata kupata nusu lulu: kitu kidogo cha nusu duara hugandishwa ndani ya kombe la chaza aliye hai, chaza akarudishwa baharini akining'inia katika kamba, naye kwa miezi tisa au zaidi hukifunika kitu hicho tabaka kwa tabaka za ule mng'aro wake, hata kikawa lulu iliyoshikamana na kombe. Wanawake hao walikuwa wakila chaza na kutupa makombe tangu utoto wao. Waliofundishwa kuyasugua kwa msasa laini na kuitokeza rangi ya asili iliyofichika chini ya gamba chafu waliniambia kuwa siku ya kwanza walicheka kwa mshangao, wakikumbuka mafungu waliyoyaacha ufukweni. Kila kombe lina kivuli chake cha kijani au cha zambarau au cha shaba, na fundi hulazimika kulifuata: mahali rangi ilipokaa ndipo umbo linapokatwa.

Lakini si kila kinachong'aa baharini ni halali kwa pambo. Gamba la ng'amba, ambalo babu zetu walilisafirisha kwa karne nyingi, ni la kasa aliyekaribia kwisha duniani, na sheria imekataza; marijani ni nyumba ya samaki; na kombe kubwa linalouzwa likiwa na rangi mbichi ya kung'aa huenda limetolewa likiwa na mwenyewe ndani. Makombe yaliyokufa, yaliyoletwa na bamvua, yanatosha. Vivyo hivyo pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989: fundi mwenye dhamiri hazitamani hata akizikuta katika sanduku la marehemu.

Kuhusu kuchukua fikira kwa jirani nina neno fupi. Wanawake wa Kimasai hutunga shanga kwa namna ambayo hapana mtu anayeweza kuitazama asijifunze, rangi zao zikipangwa kwa miraba na pembe zenye mantiki kali, na hata shanga zao za kioo zilikuja kwa biashara kutoka Ulaya baada ya wao kutumia mbegu, mifupa na chuma, yaani wao pia walichukua kitu cha wengine wakakifanya chao. Jifunze kwao mpishano wa rangi. Usinakili pambo linaloonyesha kuwa mwanamke ameolewa, au kijana yuko katika rika fulani, ukaliuza hotelini kama kitu cha kuchezea; kwa wenyewe lile ni neno lenye maana, na aliyevaa bila kujua amesemeshwa asichokisema. Hirizi na talasimu nazo ziache kwa wenyewe.

Nimefundisha kazi hizi kwa muda, na ninachowataka wanafunzi wangu si kingi. Wawe na daftari na penseli kuliko simu, kwa kuwa mkono unaochora hulazimika kuamua mstari uende wapi, na picha huamuliwa na chombo. Wanakili pambo moja la kale kwa uaminifu, mara moja, shanga kwa shanga, kama mwanafunzi wa chuo anavyohifadhi aya, kisha wasilinakili tena. Na watunze vipande vilivyoshindikana katika kopo, wasivitupe: mara nyingi kazi ya mwaka huu imetoka katika kopo la mwaka juzi. Mengine watayajua wenyewe.

Jambo moja linaniuma, nami nitalisema. Kofia ya kiua ya Unguja, ile nyeupe yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano, hushonwa na wanawake kwa wiki nyingi, pengine miezi, katika saa zilizoibwa baina ya jiko na watoto. Mnunuzi huishika, akataja bei ya kofia ya mashine, akaondoka. Mwanamke huyo huyo akitaka kubuni nakshi mpya huambiwa ni hasara, ashone ile inayojulikana. Ilhamu inahitaji muda, na muda wa mwanamke maskini umewekewa bei ya chini kuliko uzi anaoutumia. Basi anayetaka kuona kazi mpya na nzuri katika nchi hii aanze kwa kulipa ile nzuri iliyokwisha kufanywa. Nami siku hizi simruhusu mwanafunzi kuuza kitu bila ya kuandika kwanza saa alizokifanyia.

Msichana wangu alimaliza mkufu wake mwezi wa Shaabani. Aliufanya wa ukili mweusi uliosokotwa kama ule waya wa banagiri, safu mbili za shanga nyeupe zilizobanana kama pindo, na katikati, peke yake, kipande cha kombe la chaza alichokisugua mwenyewe siku nne, chenye kivuli cha kijani upande mmoja. Nyekundu iko mahali pamoja tu, nyuma ya shingo, penye kulabu, anapoonekana mtu akiondoka. Alikuwa ameandika katika daftari: saa 31.

Aliupeleka kwa bibi yake pamoja na kile kijaluba, akiwa na hofu. Bibi aliushika, akaugeuza nyuma kwanza kutazama mishono, kama wafanyavyo wanaojua, kisha mbele, kisha akaitoa banagiri iliyovunjika akaiweka kando yake juu ya mkeka, akaviangalia vyote viwili bila kusema kitu. Alimwuliza mjukuu wake tu amepitisha nyuzi ngapi katika ukili ule, na alipojibiwa akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake baada ya alasiri alituma mtoto kwangu, na mkononi mwa mtoto mlikuwa na ufunguo wa kasha kubwa.